Kumwongezea chakula mbuzi wa maziwa: nifanyavyo mimi hapa Pongwe

Wafugaji wenzangu wa Pongwe, Maweni na hadi kule Mabokweni huniuliza swali moja: nimpe mbuzi wangu nini ili maziwa yaongezeke? Nami huwauliza kwanza: amebakiza muda gani azae? Chakula cha ziada kina wakati wake. Kilo ya mchanganyiko wa pumba na mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) aliyopewa mbuzi mwenye mimba ya miezi minne inafanya kazi kubwa kuliko kilo hiyohiyo akipewa mbuzi aliyekwisha kukamuliwa miezi sita. Wengi wetu hufungua mkoba maziwa yakishapungua, na hapo huwa tumechelewa.

Mimi nafuga chotara wa Saanen na Toggenburg, aina mbili za mbuzi wa maziwa kutoka Ulaya, ndani ya banda lililoinuliwa, majani nawakatia. Tanga yetu inasifika kwa ng'ombe wa maziwa, na maarifa mengi tunayopata yanahusu ng'ombe. Lakini mwenye uwanja mdogo hawezi kulisha ng'ombe, na mbuzi watatu wanamtosha kunywesha watoto wake maziwa na kubaki na ya kuuza. Kwa hiyo nitasema ninayoyafanya, na sababu zake.

Majani na maji kwanza

Chakula cha ziada ni cha kuziba pengo lililoachwa na majani. Usipolijua pengo, utaziba pasipo tundu. Mabingobingo yakikatwa yakiwa kimo cha kiunoni yana protini ya kutosha kumweka mbuzi vizuri. Yakiachwa yakamzidi mtu urefu, yakatoa shina gumu, protini inashuka sana. Ikifika chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vinavyochachua majani kwenye tumbo la kucheua vinakosa cha kujengea miili yao. Majani yanakaa tumboni muda mrefu, mbuzi anahisi ameshiba, anakula kidogo, na maziwa yanakatika. Hapo ukimpa konzi kadhaa za majani ya lusina (mti wa malisho uitwao kitaalamu Leucaena), unalisha vile vijidudu, navyo vinasaga yale mabingobingo magumu, na mbuzi anarudi horini kula zaidi. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya chakula cha ziada, na watu wengi hawaioni kwa sababu haimo kwenye ndoo ya maziwa, imo kwenye hori lililobaki tupu.

Maji usiyafanyie ubahili. Maziwa yenyewe ni maji kwa sehemu kubwa, kama asilimia 87. Kwa joto la kaskazi, Januari na Februari, mbuzi anayekamuliwa anaweza kumaliza lita 8 na kuendelea kwa siku. Ndoo ikikauka mchana, hakuna pumba itakayorudisha maziwa ya jioni. Kama kisima chako kina chumvi, onja, kisha punguza chumvi kwenye mchanganyiko.

Wiki sita kabla ya kuzaa

Mimba ya mbuzi ni siku 150 au zaidi ya hapo kidogo. Siku anayopandwa iandike mahali, hata ukutani kwa mkaa. Ukiwa na tarehe hiyo, kila kitu kinachofuata ni hesabu nyepesi. Ikibaki miezi miwili azae, mkaushe, yaani acha kumkamua ili kiwele kipumzike. Ikibaki wiki sita, anza kumwongezea.

Kwa nini wiki sita? Kwa sababu kama asilimia 70 ya uzito wa mtoto hujengwa katika kipindi hicho cha mwisho, na mbuzi wa maziwa mara nyingi ana mapacha. Tumbo la uzazi linakua na kulibana tumbo la chakula. Anahitaji zaidi, na nafasi ya kuweka majani imepungua. Lazima apate chakula kilichokolea, kidogo kwa ujazo na kizito kwa nguvu. Mimi huanza na gramu 100 kwa siku, nikaongeza polepole kila wiki, hadi anapokaribia kuzaa yuko kwenye gramu 400 au 500, zikigawiwa asubuhi na jioni.

Mama mwenye mapacha akikosa chakula wakati huu, anayeyusha mafuta ya mwili wake mwenyewe kupita kiasi, na damu inachafuka. Utamwona amejitenga, haendi horini, macho yamezubaa, pumzi ina harufu tamu isiyo ya kawaida. Kesho yake hasimami. Mwite bwana mifugo haraka, na wakati unamsubiri mnyweshe taratibu molasi iliyozimuliwa kwa maji ya uvuguvugu. Ugonjwa huohuo humpata pia mbuzi aliyenenepeshwa mno mapema, kwa hiyo kumjaza pumba mwezi wa pili wa mimba si wema.

Kuna faida nyingine ya kipindi hiki ambayo naithamini sana. Mama aliyepata protini ya kutosha anazaa watoto wazito, ana dang'a nzito ya kutosha, na mwili wake unapambana vizuri zaidi na minyoo. Mbuzi na kondoo hulegea mbele ya minyoo wakati wa kuzaa, mayai ya minyoo yanazidi kwenye kinyesi, na watoto wanaokota vibuu vinavyoanguliwa humo. Chakula hakiondoi haja ya dawa, ila kinampa mama nguvu ya kupigana.

Akishazaa

Siku mbili tatu za mwanzo usiongeze kitu. Mwache ale majani mazuri, anywe maji, watoto wanyonye dang'a ndani ya saa za mwanzo. Kisha panda kwa gramu 100 kila baada ya siku mbili au tatu. Maziwa hufika kileleni kati ya wiki ya nne na ya nane, na katika kipindi hicho mama huwa anatoa kuliko anavyokula. Atapungua mwili, hilo ni kawaida. Kazi yako ni kuhakikisha hapungui mpaka mifupa ikahesabika.

Nusu lita ya kwanza ya maziwa naiachia majani mazuri. Kwa kila lita inayozidi hapo natoa gramu 400 za mchanganyiko. Mbuzi wa lita mbili, basi, anapata gramu 600 kwa siku. Sizidishi kilo moja hata akiwa mkamuliwaji hodari, na sitoi yote kwa mkupuo mmoja. Anakula wakati anakamuliwa, asubuhi nusu na jioni nusu.

Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Pima mara moja, chukua kopo, tia alama kwa kisu pale gramu 300 zinapofikia, na kuanzia hapo kopo ndilo mizani yako. Kumbuka kopo lilelile la pumba za mahindi na la mashudu hayana uzito mmoja, kwa hiyo pima ule mchanganyiko uliokwisha kuchanganywa.

Na mkono wako pia ni kipimo. Weka kiganja nyuma ya mbavu za mwisho, juu ya kiuno, bonyeza kwa vidole. Ukikuta mfupa wa uti unachoma na pembeni yake kuna bonde, amekonda, mwongezee. Ukibonyeza usiukute mfupa kabisa, amenona, mpunguzie. Ukiugusa mfupa lakini una nyama pande zote, mwache hivyohivyo. Fanya hivi kila mwisho wa wiki, mbuzi yuleyule, mkono uleule.

Lusina, ambayo haina bei

Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumwongezea mbuzi hapa pwani, ningechagua lusina. Majani yake makavu yana protini ya asilimia 20 hadi 25, inaota ukingoni mwa barabara, inastahimili kiangazi, na ukiikata inachipua tena. Panda mstari mmoja kuzunguka uwanja na utakuwa na mashudu yanayoota yenyewe.

Nakata matawi yakiwa na unene wa kidole gumba, kabla ya maganda ya mbegu kukomaa. Nayatandaza juu ya turubai asubuhi, umande ukishakauka, tabaka jembamba, na kuyageuza kila nikipita. Jua likiwa kali, alasiri vijani vinaanza kuachia vyenyewe. Ukiinua tawi linatoa sauti ya kukatikakatika. Napiga matawi kwa fimbo, vijani vinamwagika kwenye turubai, vijiti vinabaki mkononi na kwenda jikoni kuwa kuni. Nachekecha, napakia kwenye kiroba, nafunga na kukiweka juu ya mbao, si sakafuni. Unga wake uwe wa kijani. Ukigeuka hudhurungi umeachwa juani mno na vitamini A imepotea. Usiuache nje baada ya maghrib, kwani hewa ya bahari huku kwetu ina unyevu na usiku mmoja unatosha kurudisha maji yote uliyoyakausha.

Lusina ina sumu iitwayo mimosini. Mnyama asiyeizoea, akipewa nyingi, anatokwa na mate, ananyonyoka manyoya, na akiendelea muda mrefu anavimba tezi la shingo. Huko Australia ng'ombe waliugua kwa sababu hiyo ilhali mbuzi wa Hawaii walikuwa wakila lusina bila shida. Mtafiti Raymond Jones akagundua kwamba mbuzi wa Hawaii walikuwa na bakteria tumboni wanaoivunja ile sumu. Miaka ya mwanzo ya 1980 bakteria hao wakapelekwa Australia na kutiwa kwenye matumbo ya ng'ombe, na tatizo likapungua sana. Bakteria huyo akaitwa Synergistes jonesii kwa heshima yake. Funzo lake kwetu ni la kazi: mbuzi mgeni mwanzishe kidogo kidogo, mchanganye na wenyeji ili waambukizane wale bakteria, na lusina isipite theluthi ya chakula chote kikavu cha siku. Punda na nguruwe usiwape kabisa.

Kisamvu kilichokauka nacho ni kizuri, ila kinyaushe na kukikausha kwanza sumu yake iondoke. Majani ya mti wa glirisidia pia, ingawa mbuzi wengine huinusa siku kadhaa kabla ya kuikubali. Ikinyaushwa kidogo wanaikubali upesi.

Mchanganyiko wangu wa kilo 50

Pumba za mahindi kilo 30, mashudu ya alizeti kilo 10, mashudu ya nazi kilo 5, unga wa lusina kilo 4, chokaa ya mifugo nusu kilo, chumvi nusu kilo. Protini yake inakuja kama asilimia 15, inayomtosha mbuzi wa kawaida anayekamuliwa. Nachanganya kwa koleo juu ya sakafu safi: vile vidogo, chumvi na chokaa, navichanganya kwanza na pumba kidogo ndipo navitia kwenye lundo kubwa, la sivyo mbuzi mmoja atakula chumvi yote na mwingine asionje. Usitengeneze wa zaidi ya wiki tatu. Kwa unyevu wetu hautakaa.

Chokaa niliyotaja ni ile ya mawe yaliyosagwa, inayouzwa duka la pembejeo za mifugo. Chokaa ya kupaka nyumba imechomwa, inaunguza mdomo na tumbo. Nasisitiza kwa sababu sisi tunaishi jirani na machimbo ya mawe ya chokaa ya Amboni na Maweni, na chokaa ya kuchomwa iko kila duka la vifaa vya ujenzi.

Mashudu ya nazi ni neema ya pwani yetu. Yana protini kama asilimia 20 na mafuta kiasi, na yanatia maziwa ladha nzuri. Chicha la nyumbani, lile linalobaki baada ya kukamua tui, nalo linafaa, ila lipewe siku hiyohiyo. Likilala linachacha. Mashudu ya pamba wape wakubwa tu. Yana sumu ambayo tumbo la mbuzi mzima linaivunja, la mtoto haliwezi.

Sasa usikilize kwa makini habari ya ukungu. Kabla ya kulipa, zamisha mkono hadi katikati ya gunia, toa konzi, vunja mabonge, nusa. Mashudu mazuri yananukia mbegu. Yenye harufu ya godauni lililofungwa, yenye madonge yaliyoshikana, yenye moto ndani ya gunia, yaache hapohapo. Ukungu wa mahindi, karanga na hata alizeti unatoa sumukuvu, na mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Mbuzi akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake inapita hadi kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Maziwa hayo tunawapa watoto. Kwa hiyo ule msemo wa kwamba pumba zilizoharibika ni za mifugo, mimi siukubali hata kidogo. Kutupa gunia kunauma, lakini tupa.

Maziwa yanavyobadilika

Ukiongeza pumba na mahindi, wingi wa maziwa hupanda. Ukizidisha, mafuta ya maziwa yanashuka, na mnunuzi wa maziwa ya mgando ataliona hilo kabla yako. Mafuta ya maziwa kwa sehemu kubwa yanatengenezwa kutokana na nyuzi za majani zinapochachuliwa tumboni. Nyuzi zikipungua, mafuta yanapungua. Ndiyo maana majani yasishuke chini ya nusu ya chakula kikavu cha siku, na yatangulie kuingia tumboni kabla ya mchanganyiko.

Mafuta ya chakulani nayo yana kikomo. Mashudu ya alizeti kutoka kwenye mashine ndogo za mtaani hubaki na mafuta mengi; utayaona yakipaka kiganja. Mafuta yakizidi asilimia 6 hivi ya chakula chote kikavu, yanavizuia vijidudu kusaga nyuzi. Yakiwa ya kiasi, yanabadilisha aina ya mafuta ya maziwa yenyewe. Watafiti wa kondoo wa maziwa Hispania, Italia na Ugiriki wamelishughulikia sana jambo hili, kwa sababu huko maziwa ya kondoo ni ya jibini: mbegu za kitani na alizeti zinaongeza kwenye maziwa yale mafuta laini yanayosemwa kuwa bora kwa moyo. Mafuta ya nazi yanaelekea upande wa pili, siagi yake inakuwa ngumu.

Harufu: lusina mbichi na dagaa vinaweza kunukia kwenye maziwa. Vitoe baada ya kukamua, si kabla.

Akizidisha

Mbuzi akifungua stoo usiku akala mahindi, asubuhi utamkuta tumbo limejaa maji, hacheui, anasaga meno, kinyesi kimekuwa uji unaonuka uchachu. Tumbo limejaa asidi. Ondoa nafaka yote, mpe majani makavu, mwite bwana mifugo. Magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa kwenye maji husaidia kupunguza asidi, lakini kipimo akupe yeye. Kwa siku za kawaida, angalia gololi za kinyesi: zikianza kushikana, rudi nyuma gramu 100.

Yuria usiichezee. Kuna watu wanaichanganya kwenye pumba kwa kukadiria kwa mkono, na mbuzi anakufa ndani ya saa chache. Kama unataka kuitumia, itumie kulainisha mabua au majani ya mpunga: kilo 4 kwa kilo 100 za mabua makavu, zikiyeyushwa kwenye maji, zikafunikwa kwa nailoni bila hewa kwa wiki tatu, kisha zikapeperushwa kabla ya kulishwa. Waulize wataalamu wa TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, hapa Tanga au wa chuo cha mifugo Buhuri wakuonyeshe kwa macho.

Kujua kama inalipa

Andika maziwa ya kila mbuzi kwa wiki nzima. Wiki ya pili mwongezee gramu 200 kwa siku, andika tena hadi wiki ya tatu. Thamani ya maziwa yaliyozidi ikishinda bei ya gramu zile, endelea. Isiposhinda, rudi chini. Mbuzi aliyezaa karibuni hujibu sana; aliyekwisha pita miezi sita anaweka nyingi mwilini. Na wako wasiojibu hata ufanyeje kwa sababu damu yao si ya maziwa. Huyo usimlaumu, mpe majani na chumvi tu.

Beberu na kondoo

Beberu asile mchanganyiko wa wakamuliwaji kila siku. Pumba zina fosforasi nyingi, na kwa dume fosforasi ikizidi kalisi, mawe yanaziba njia ya mkojo. Ukimwona anajikunja kukojoa na kinatoka kitone kimoja kimoja, ni dharura.

Kondoo huku kwetu hatuwakamui, lakini wapo wanaowafuga banda moja na mbuzi. Maziwa ya kondoo yana mafuta ya asilimia 6 hadi 7, karibu mara mbili ya mbuzi, na ndiyo maana Wafaransa wanatengeneza jibini la Roquefort kwa maziwa ya kondoo wa Lacaune. Lita moja ya kondoo, kwa hiyo, inadai chakula kingi kuliko lita ya mbuzi. Ila kondoo hawezi kuhimili shaba. Chakula cha kuku na cha nguruwe, na baadhi ya madini ya ng'ombe na mbuzi, vina shaba ambayo ini la kondoo linaihifadhi miezi kadhaa bila dalili. Siku moja macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi, na anakufa. Mwekee hori lake na jiwe lake la kulamba lililoandikwa la kondoo, na mfuniko wa pipa la chakula cha kuku uufunge kwa kamba.